Njia Ndefu ya Verlin Tjaden

Kwa miaka kumi na tisa Verlin Tjaden alitupeleka Corwin kwa njia ndefu, na kwa miaka kumi na tisa mimi, mwalimu mzima wa darasa la tano, sikumuuliza kwa nini. Kutoka shuleni kwetu Alden hadi Maktaba na Makumbusho ya Rais ni maili thelathini ukipita juu ya bwawa. Yeye alizunguka kaskazini, akapita kwenye maghala ya ngano ya Stucky, akavuka daraja la zamani, akaongeza maili kumi na moja. Nilidhani basi la shule haliruhusiwi kupita juu ya bwawa kwa sababu ya uzito wake. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini, kama tunavyofanya walimu.

Sasa amestaafu, na watu wa ofisi ya elimu wanataka niandike ukurasa mmoja kumhusu, usomwe kwenye sherehe ya kumuaga. Wamenitumia na fomu ya kunisaidia: miaka ya kazi, idadi ya ajali, tabia. Ajali, sifuri. Tabia, nzuri. Ukurasa mmoja hautoshi, na kwenye sherehe yenyewe hatakwenda, namjua. Basi nimeamua kuandika ninavyotaka, wao watakata wanapotaka.

Verlin ni mrefu, ameinama kidogo mabegani, na kofia yake ya kampuni ya mbegu sijawahi kuiona ikiwa mpya. Alilima ardhi ya kukodi, akaendesha lori la maziwa miaka mingi, halafu ndipo akaja kwetu. Mkewe Arlene alikuwa mpishi wa shule, yule yule ambaye siku ya maharage ya nyama na pilipili huweka keki ya mdalasini pembeni ya bakuli, na ole wako uache kuichovya. Verlin mwenyewe chakula chake ni kimoja tu, mkate wa kuokwa uliojazwa nyama na kabichi, na huula saa tano na nusu kamili, hata kama nyumba inaungua. Maneno yake ni machache. Watoto wanamwita Babu Verlin, naye hujifanya hapendi.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna dereva mwingine aliyekuwa nayo. Asubuhi, kwenye kila kituo, mlango ukishafungwa hakugeuka kuhesabu watoto. Aliita jina la nyumba tu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Koehn!" Na waliomo ndani wote, hata wa darasa la kwanza wenye mapengo, wanaitikia kwa pamoja: "Wameingia!" Kama mtoto wa Koehn anaumwa, wanasema "Mmoja hayupo!" naye anapiga honi mara mbili, mama anatokea dirishani na kupunga mkono kuonyesha anajua. Ndipo basi linaondoka. Nilimuuliza siku moja kama si rahisi kuhesabu vichwa kwenye kioo. Akasema macho yake ni ya barabara, watoto anawasikia.

Sasa nieleze kuhusu Corwin. Rais wetu alizaliwa pale, na sisi wa wilaya hii tumeona viatu vyake vya utotoni mara nyingi kuliko viatu vya watoto wetu wenyewe. Vipo kwenye sanduku la kioo, mkono wa kushoto ukiingia. Kipo pia chumba kilichotengenezwa sawasawa na ofisi yake, zulia, simu na meza, kasoro dirisha moja. Kila Mei shule huenda huko kwa kile wanachokiita Siku ya Uamuzi, mchezo wa kuigiza siku Rais alipokata shauri la bwawa letu. Mtoto mmoja anapigiwa kura ya bahati na kuwa Rais. Wengine wanapewa kadi, wakawa wahandisi, maseneta, waandishi wa habari, na meya wa miji ya chini ya mto iliyofurika kabla ya bwawa na kupoteza watu ishirini na wanane. Wanabishana dakika arobaini: bwawa lijengwe, lisijengwe? Wanapiga kura, Rais anatia sahihi, anapewa kalamu ya kwenda nayo nyumbani.

Hakuna darasa langu hata moja lililowahi kukataa. Kadi zenyewe zilikuwa zimeegemea upande mmoja. Huku una wafu ishirini na wanane wenye majina, kule una mstari mmoja tu: "Bonde ni la mashamba, lenye wakazi wachache." Nani atakataa? Kwa hiyo kila mwaka tulitoka pale kwa vifijo, watoto wakapanda basi wakipunga kalamu: "Babu Verlin, tumelijenga! Tumelijenga bwawa!"

Yeye alijibu, "Haya, kaeni. Makalio chini." Na mimi, niliyesimama nyuma ya sikio lake, nilisema, "Mpigieni Rais makofi!" Nikapiga makofi mara kumi na nane nyuma ya kichwa cha mtu yule. Nikikumbuka, natamani kujizaba kofi.

Kwa maana Verlin alizaliwa Bethel Ford, na Bethel Ford ipo chini ya lile ziwa la bwawa.

Yanayofuata Arlene ndiye aliyenieleza, baada ya mambo yote. Alisema kila Mei, asubuhi ya safari, mumewe alivaa shati safi na kusema, "Mwaka huu naingia. Nitawaambia watoto kulikuwa na watu." Na kila Mei alirudi na kijisababu: tairi, mafuta, jua kali. Alikula mkate wake kwenye maegesho pamoja na madereva wengine, wakaongea bei ya ngano, basi. Mwaka huo wa mwisho mambo yalikuwa yamembana. Dada yake Wilma alikuwa amefariki mwezi wa pili. Walikuwa wamebaki wawili tu waliotoka bondeni ambao bado wanaishi wilaya hii, sasa akabaki peke yake, na mwezi wa sita anastaafu. Asipoingia safari hiyo, hataingia tena, na hakuna mwingine wa kuingia.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mimi nililijua na yeye hakulijua. Yesenia Orozco, ofisa elimu wa makumbusho, binti mchangamfu asiyetulia kitini, alikuwa amenipigia simu wiki ile. Ukumbi mzima wa bwawa unatengenezwa upya, akasema, na maandishi ya ukutani yanakwenda kuchapwa Jumatatu. Akanisomea. "Bonde la mashamba, lenye wakazi wachache." Nikamwambia ni mazuri, mafupi, watoto watayaelewa. Ndivyo nilivyosema.

Tulikwenda Alhamisi. Asubuhi palikuwa na joto la kunata, na kufikia saa nne mbingu upande wa magharibi zilikuwa na rangi ile ya kijani ya kimbunga ambayo kila mtu wa huku anaijua na hakuna anayeitaja mbele ya watoto. Kura ya bahati ya urais ilimwangukia Darby Koehn. Nikakunja uso kidogo, nakiri. Darby ni mwembamba kama fagio, hana kelele, lakini ana maswali. Ukimwambia tatu mara nne ni kumi na mbili, anataka kujua nani aliamua.

Tulikuwa katikati ya mchezo king'ora kilipolia. Walinzi wakatuteremsha wote chumba cha chini, penye mashine za kupasha maji na viti vya kukunja. Wengine wakatoka mbio maegeshoni kuwaita madereva, kwa sababu kimbunga kikitangazwa hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani ya basi. Hivyo ndivyo Verlin Tjaden alivyoingia makumbusho ya Rais kwa mara ya kwanza, kofia mkononi, mkate wake ukiwa umeliwa nusu, mlinzi akimsukuma mgongoni.

Mvua ya mawe ilikuwa inapiga juu ya vichwa vyetu. Watoto wawili walianza kulia, na wa tatu alikuwa anafikiria kuanza. Yesenia alikuwa ameshuka na sanduku lake la kadi chini ya kwapa. Akapanda juu ya kiti.

"Waheshimiwa! Bunge linaendelea! Meya, ulikuwa unasema nini?"

Meya alikuwa Colt, mtoto mnene mwenye sauti ya dalali wa mnada. "Nilikuwa nasema watu wangu wamekufa, na hawa wahandisi wanachezea rula."

"Hatuchezei, tunapima!"

"Pimeni haraka basi, sisi tunazama!"

Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Nilimpenda Yesenia sana dakika ile. Wakabishana, wakamaliza, akaitisha kura. Mikono yote ikainuka. Darby alikuwa amekaa sakafuni na karatasi ya mswada mapajani, kalamu imesimama hewani.

"Rais, tia sahihi," nikamwambia.

"Natia, Mwalimu. Nauliza tu. Wachache ni wangapi?"

"Wachache ni wachache," akasema Colt. "Tia bwana, tukale."

"Watatu ni wachache. Na hamsini ni wachache. Wangapi?"

Yesenia akaigeuza kadi, akatazama nyuma yake kana kwamba jibu lingekuwa huko. "Haikuandikwa, mpenzi. Hata ripoti ya zamani haisemi. Imesema hivyo hivyo, wachache."

"Mia mbili na kumi na wanne."

Sauti ilitoka nyuma, penye mashine za maji. Sikuitambua mara moja, maana sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba.

"Babu Verlin?" akasema Darby.

"Mia mbili na kumi na wanne," akarudia, akimtazama yeye tu. "Na mmoja tumboni. Mama yangu alikuwa na mimba ya Wilma."

"We babu, umejuaje?"

"Nilikuwa mmoja wao."

Watoto wote waligeuka kumtazama. Colt ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Lakini pale ni ziwani."

"Sasa hivi, ndiyo."

"Kwa hiyo nyumba yenu ipo chini ya maji? Na choo?"

"Colt!" nikafoka.

"Choo tulikibomoa," akajibu Verlin, bila hata kutabasamu. "Baba alisema hawezi kuwaachia samaki."

Wakacheka, na kicheko kile kikamfungua. Akavuta kiti, akakaa, na sasa sikilizeni alivyosimulia, kwa sababu hakusimulia kama watu wengine. Alifumba macho, akanyoosha mikono mbele, vidole vimekunjwa, na mimi niliyekaa nyuma yake miaka yote hiyo nikaona kwamba ameshika usukani.

"Ukiingia kutoka barabara ya Alden, kushoto ni Ediger. Watoto saba, wote vichwa vyekundu. Kulia, bibi Funk, peke yake na bata wake, ukipita karibu mno wanakufukuza. Kilima kidogo. Goossen, fundi wa viatu, yule alikuwa hasikii, inabidi upige mguu chini ili ahisi mtikisiko. Shule. Kanisa. Hapo kuna kona mbaya. Halafu Stucky, kabla hawajahamia kwenye maghala..."

Akaenda hivyo nyumba kwa nyumba, zote arobaini na moja. Hakuruka hata moja. Hakuna mtoto aliyechezea kiti. Yesenia alikuwa ameshuka, amepiga magoti, anaandika nyuma ya kadi zake, kadi baada ya kadi. "Na mwisho wa njia," akasema Verlin, "sisi." Akafumbua macho.

"Rais aliwaambia nini?" akauliza Darby.

"Hakutuambia."

"Lazima aliwaambia. Mlijuaje sasa?"

Verlin akageuza kofia mapajani. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikwenda na baba kupalilia mahindi. Tukakuta kigingi, katikati ya mstari kabisa, kina utepe mwekundu. Baba akasema hawa ni watoto wa Ediger na michezo yao. Akaking'oa, akaenda nacho mpaka kwa Ediger amwambie awafunze adabu wanawe. Kufika njiani, akakutana na Ediger anakuja kwetu. Ana viwili mkononi. Alidhani ni mimi."

"Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa wapima ardhi wa serikali, mpenzi. Walikuja wakati sisi tupo kanisani, wakapima, wakapigilia, wakaenda zao. Lakini sisi hatukujua. Wakasimama pale barabarani, baba yangu na Ediger, kila mmoja na vigingi mkononi, wakatukanana. Majirani wa miaka thelathini. Siku tatu hawakusemezana. Baba alipopita kwao aligeuza uso." Akaipangusa kofia gotini. "Siku ya nne barua ikaja. Ediger alikuja nayo mlangoni, hakusema kitu, na baba hakusema kitu. Wakakaa kwenye ngazi mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakamuliwe."

"Barua aliitia sahihi Rais?"

"Karani."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kukunja nikitamani sakafu inimeze. Mara kumi na nane. Mpigieni Rais makofi.

"Mama alimwandikia," akaendelea. "Hakumtukana. Mama hakuwa mtu wa matusi. Alimwandikia, tumesikia unatoka Corwin, si mbali, njoo ule kwetu kabla hujatufunika. Na kwa kuwa barua yake haikutaja Jumapili gani, mama alioka pai ya forosadi Jumapili nne mfululizo, asije akakuta meza tupu."

"Alikuja?"

"Hapana."

"Nani alizila pai zote?" Colt, bila shaka.

"Mimi. Mpaka leo siwezi kuitazama forosadi."

Safari hii hata mimi nilicheka, machozi yakinitoka. Juu mvua ya mawe ilikuwa imepungua, unasikia maji tu yanavyokimbia kwenye mifereji. Darby hakucheka. Alikuwa anaitazama karatasi ya mswada.

"Sasa nifanye nini?" akasema. "Nikitia sahihi, nyinyi mnafunikwa. Nisipotia, wale wa Colt wanakufa." Akanigeukia. "Mwalimu?"

Mwalimu alitazama mashine za maji. Darby akamgeukia Verlin. "Babu, ungekuwa wewe ndiye Rais, ungetia?"

Nilitaka kumkataza. Kuna maswali ambayo humuulizi mzee mbele ya watu. Lakini Verlin hakukasirika. Alikuna ukingo wa kofia kwa ukucha.

"Nimefikiria hilo tangu nilipokuwa na umri kama wako," akasema. "Nilipokuwa naendesha lori la maziwa nilipeleka maziwa hospitali ya kule chini. Ukutani wamechora mstari, mahali maji yalipofika mwaka ule. Upo juu ya mlango. Juu ya mlango, sikiliza, na vile vitanda vipo hapa." Akaonyesha gotini. "Kila siku nilipita chini ya mstari ule na makopo yangu. Miaka kumi na minne." Akavuta pumzi. "Ningetia."

Akamtazama Darby.

"Lakini ningekuja kula pai kwanza."

Darby alimtazama. Kisha akaigeuza karatasi, akaanza kuandika mgongoni mwake, ulimi nje.

"Darby," nikasema, kwa mazoea tu, Mungu anisamehe, "kwenye mchezo hakuna sehemu ya kuongeza maneno."

"Ipo," akasema Yesenia. "Imeanza sasa hivi."

Rais akamaliza kuandika, akasimama, akasoma kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia kwake: "Asipigilie mtu kigingi mpaka mimi mwenyewe niende nikakae mezani kwao na kuwaambia. Nyumba zote. Hata ya bibi mwenye bata." Kisha akageuza mbele, akatia sahihi.

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Colt alimwendea Verlin, akamnyooshea mkono kama wanaume wanavyofanya baada ya mnada. "Asante kwa bonde, bwana," akasema, kwa niaba ya miji ya chini ya mto. Alikuwa bado meya. Verlin akamshika mkono, akautikisa, akageuza uso pembeni.

Walipotangaza hatari imepita, tulipanda ngazi. Kimbunga chenyewe kilikuwa kimepita kusini, kwenye mashamba, kikala ghala moja tupu. Yesenia alimkimbilia Verlin karibu na mlango, kadi zimemjaa mikononi.

"Mzee Verlin, maandishi ya ukutani yanakwenda Jumatatu. Nakuomba. Una nafasi kesho?"

"Kesho nina watoto wa shule."

"Jumamosi?"

"Jumamosi nakata nyasi."

"Mzee Verlin."

Akavaa kofia, akaivua tena. "Saa nne. Na usinipe ile kahawa ya mashine, nimeinusa tangu nje." Akatazama huku na huku. "Vile viatu viko wapi? Watu wote wanavisema."

Nikamwonyesha. Aliinama mbele ya kioo, mikono mgongoni, akavitazama viatu vya yule aliyemfunikia kwao.

"Vidogo," akasema, akaenda zake kwenye basi.

Ukienda Corwin leo utaiona orodha, nyumba arobaini na moja, ukutani, kwa mpangilio wa barabara. Wakubwa wa Yesenia walitaka ifuate alfabeti. Aligombana nao siku nzima na akawashinda, maana alikuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kwa alfabeti mtu angepotea njia. Mwisho kabisa wameandika, na mmoja tumboni.

Lakini narudi kwenye Alhamisi ile. Tulipanda basi, mawe ya barafu bado yamejaa maegeshoni, watoto wanayaokota na kuyatia mifukoni kama wajinga. Kwenye njia panda nje ya mji Verlin alisimama kwenye alama ya kusimama, na akasimama zaidi ya inavyotakiwa. Hakukuwa na gari lolote. Niliona mkono wake umeshika kijiti cha taa ya kuonyesha, hauendi juu wala chini. Kisha taa ikawaka. Kusini, upande wa bwawa.

"Verlin," nikasema taratibu, "na uzito?"

"Uzito gani, Mwalimu?"

Tukashuka kilima, na bwawa likatokea, barabara nyembamba juu ya ukuta, ziwa kushoto, lina rangi ya chai ya maziwa kwa ile mvua. Wengine walikuwa wameshalipita na wazazi wao mara mia wakienda kuvua. Wakahamia wote upande wa kushoto, pua kwenye vioo. Kwa mara ya kwanza Babu Verlin hakuwaambia makalio chini.

"Kusimama hairuhusiwi," akasema kwa sauti ya kila siku, "lakini polepole naweza."

Akapunguza mwendo mpaka ungeweza kuteremka na kutembea pembeni yetu. Alitazama mbele, macho kwenye barabara. Tulipofika penye nguzo ya kwanza, akaita, sauti ile ile ya kukwaruza:

"Ediger!"

Nadhani ilimtoka tu. Nikasikia vifutio vya kioo vinakwenda na kurudi. Halafu, kutoka kiti cha tatu, sauti moja nyembamba ya Darby:

"Wameingia!"

Verlin alitazama kioo mara moja tu.

"Funk!"

"Wameingia!" Sasa walikuwa kumi.

"Goossen!"

"Wameingia!" Wote, ishirini na watatu, na Colt akapiga mguu sakafuni ili fundi wa viatu ahisi.

Akaita arobaini. Bwawa lile halina urefu wa majina arobaini, lakini alikwenda polepole hivyo, na gari la nyuma yetu lilipiga honi mara moja kisha likaacha. Sauti yake ilikatika penye kanisa, akaipata tena. Tulipokaribia mwisho wa ukuta alikuwa amebakiza nyumba moja. Hakuita. Alikuwa ameishika ile nyumba mdomoni na haitoki.

Nikasimama. Nilishika nguzo nyuma ya kiti chake, pale pale niliposimama miaka yote nikipiga makofi, nikaita mimi.

"Tjaden!"

"Wameingia!"

Akapiga honi mara mbili, kama anavyowapigia akina mama dirishani, na tukateremka upande wa pili. Tulifika shuleni mapema mno, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa amekuja. Tukawasubiri ndani ya basi.